TV ya zamani ikileta chenga, anza na tyuna

Wenye zile TV za kichogo za kuzungusha chaneli kwa mkono, ukiona picha inakuja na kupotea, ukishika nobu inatulia ukiachia chenga zinarudi, usikimbilie kusema tyuna, yaani kile kisanduku cha ndani kinachokamata chaneli, imekufa. Mara nyingi ni uchafu tu. Ndani yake kuna dramu inayozunguka na nobu, yenye vipande vya koili (waya zilizoviringwa), kila chaneli na chake, na vile vichwa vya kugusana vimepakwa madini ya fedha ambayo yakikaa miaka yanakuwa meusi.

Chomoa waya ukutani kwanza, na kile kikombe cha raba nyuma ya kioo cha picha usikiguse kabisa maana hapo panatunza umeme mkali hata TV ikiwa imezimwa. Fungua kifuniko cha tyuna, chukua kijiti cha pamba na spiriti kavu isiyo na mafuta, futa vichwa vya dramu kimoja kimoja huku unazungusha, halafu na zile springi zinazovigusa, taratibu tu zisipinde. Weusi ukigoma tumia kifutio cha penseli. Msasa hapana, unakwangua ile fedha yote na hapo ndo umeiua kweli.

Kingine, usipulizie mafuta ya kulegeza nati, yanashika vumbi na tyuna inaweza kuhama masafa. Na koili usizisogeze hata kidogo, wala skrubu ndogo za ndani, mimi niligusa moja kwa ujuaji nikapoteza chaneli nzima. Iache ikauke vizuri ndo uwashe.