Somo: Kufunga na Kutunza Kompyuta ya Mezani Nyumbani, Tukianza na Umeme

Somo hili ni kwa ajili ya mtu aliyeleta nyumbani kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza, iwe mpya ndani ya boksi lake au, kama ilivyo kwa wengi wetu, iliyokwisha kutumika ofisini Ulaya au Marekani na kuuzwa tena katika maduka ya Kariakoo au ya jijini Nairobi. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ni miongoni mwa zile tunazozikuta sana katika biashara hiyo, nazo ni mashine imara, zilizotengenezwa kwa namna ambayo fundi au mwenye nazo anaweza kuzifungua bila taabu. Sehemu kubwa ya somo haitahusu programu hata kidogo. Kila ninapoletewa kompyuta iliyokufa kabla ya wakati wake, mahali pa kwanza ninapotazama ni pawasaplai, yaani kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vipuri, na ndiyo sababu naanza na umeme.

Hatua ya kwanza: kagua umeme kabla ya kuchomeka chochote

Umeme wa nyumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na wa Kenya ni wa volti 240, ilhali wa Marekani ni wa volti 120 tu. Geuza kasha la kompyuta utazame nyuma, karibu na tundu linaloingia waya wa umeme. Baadhi ya kompyuta za zamani zina hapo swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ikiwa namba inayosomeka ni 115 nawe ukaichomeka kwenye soketi ya hapa kwetu, utasikia mlipuko mdogo na kunusa moshi, na pawasaplai itakuwa imekwisha. Isogeze kwa ncha ya bisibisi bapa mpaka 230 isomeke, huku waya ukiwa haujachomekwa popote. Kompyuta za miaka ya karibuni kwa kawaida hazina swichi hiyo. Kibandiko cha pawasaplai yake kimeandikwa 100–240V, yaani inajirekebisha yenyewe.

Baada ya hapo tazama plagi. Kompyuta iliyotoka Ulaya mara nyingi huja na waya wenye plagi ya pini mbili za duara, na mtu hutumia kalamu au kijiti kubonyeza ndani ya tundu la juu la soketi ili matundu mawili ya chini yafunguke, kisha anailazimisha plagi iingie. Kompyuta huwaka, lakini imewaka bila ethi, yaani bila ile njia ya kupeleka ardhini umeme uliopotea. Katika plagi za aina hiyo ethi hupitia vibati vya pembeni, ambavyo katika soketi yetu ya matundu matatu havigusi kitu chochote. Nunua waya wenye plagi ya pini tatu bapa na fyuzi yake ndani, na kamwe usikubali fyuzi iliyoungua ibadilishwe na kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara.

Ukigusa chuma cha kasha kwa mgongo wa vidole na kuhisi mtekenyo wa umeme, hiyo ni dalili kwamba ethi haifiki, ama kwa sababu ya plagi, ama kwa sababu nyumba yenyewe haikufungwa ethi inavyotakiwa. Ndani ya pawasaplai mna kapasita ndogo zinazochuja umeme, ambazo zimeunganishwa na kasha. Zinapokosa njia ya kuelekea ardhini, kasha hubaki na takriban nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini unatosha kuharibu tundu la USB au la HDMI siku unapochomeka kifaa kingine huku vyote vikiwa vimewashwa. Usiishi na mtekenyo huo kwa kuuzoea. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime.

Kisha nunua UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme kwa muda mfupi ule wa ukutani unapokatika, na uinunue kabla ya spika, kabla ya printa na kabla ya kiti kizuri. Umeme unapokatika ghafla, diski huweza kukatizwa katikati ya kuandika na faili zikaharibika. Unaporudi, volti huyumba kwa muda kabla ya kutulia, na myumbo huo ndio unaoumiza pawasaplai. Nyumba nyingi zina kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme hadi utulie, na kompyuta nayo inastahili ulinzi wake. UPS ya VA 650, ambayo kwa kawaida huweza kubeba wati 360 hivi, inaitosha kompyuta ya ofisi pamoja na skrini yake. Itakupa dakika kadhaa za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Haikutengenezwa ili uendelee kuangalia filamu gizani. Usichomeke humo printa ya leza wala pasi, kwa sababu vinavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri iliyo ndani, ambayo mara nyingi ni ya volti 12 na saa-ampia 7, huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na katika joto la pwani huchoka mapema zaidi. Betri hiyo hubadilishwa peke yake, kwa hiyo usitupe UPS nzima. Wakati wa masika, radi zinapoanza kupiga, chomoa kila kitu ukutani, na rauta pia, kwa kuwa hata UPS nzuri haizuii radi.

Hatua ya pili: mahali pa kuiweka

Kasha lisikae sakafuni, ambako feni hunyonya vumbi kila sakafu inapofagiliwa, wala lisifungiwe ndani ya kabati. Liache nafasi ya upana wa kiganja nyuma na pembeni. Kwa wanaoishi karibu na bahari, Tanga, Mombasa, Unguja au Mtwara, liepushwe na dirisha linalopokea upepo wa baharini moja kwa moja, kwa sababu unyevu wenye chumvi hula miguu ya vipuri polepole. Vitambaa vya kufuma tunavyopenda kufunikia vyombo sebuleni ni vizuri dhidi ya vumbi, ila viwekwe baada ya kompyuta kuzimwa na kupoa, na viondolewe kabla ya kuiwasha.

Hatua ya tatu: kuunganisha

Hapa hakuna mengi. Skrini, kibodi na mausi vina matundu yao, na huwezi kuvikosea kwa urahisi. Jambo moja huwachanganya watu: kompyuta ikiwa na kadi ya picha iliyochomekwa pembeni, waya wa skrini uingie kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu lililo juu, karibu na yale ya USB. Na kwa kuwa mashine nyingi za ofisi zina tundu la DisplayPort badala ya HDMI, unaponunua waya wa kubadilisha mweleze muuzaji kwamba DisplayPort ni upande wa kompyuta na HDMI ni upande wa skrini. Waya nyingi za namna hiyo hufanya kazi kuelekea upande mmoja tu.

Hatua ya nne: mfumo endeshi

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo swali la kwanza dukani liwe kama kompyuta inaweza kubeba Windows 11. Mfumo huo unataka angalau RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika kompyuta ikiwa imewaka) ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na, kwa prosesa (chipu kuu inayofanya kazi zote za kompyuta) za Intel Core, kizazi cha nane au zaidi. Kizazi unakisoma katika jina lenyewe: i5-6500 ni ya kizazi cha sita na haikubaliki, i5-8500 ni ya kizazi cha nane na inakubalika, i5-10500 ni ya kizazi cha kumi. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili za mwanzo inastahili kulipwa. Kama tayari unayo ya kizazi cha sita, usiitupe: weka Linux Mint, ambayo ni bure, itakayokupa LibreOffice kwa kazi za barua na hesabu. Kwa matumizi yasiyo na taabu, RAM iwe GB 8.

Hata kama muuzaji amekuonyesha Windows inayowaka vizuri, nashauri uifute na kuisakinisha upya kutoka kwenye flashi ya GB 8 uliyoiandaa kwa faili lililopakuliwa Microsoft, kwa maana hujui aliyeiweka aliacha nini ndani yake. Ikiwa kompyuta iliuzwa na kiwanda ikiwa na leseni ya Windows, kwa kawaida leseni hiyo imehifadhiwa ndani ya mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba vipuri vyote, na ukisakinisha toleo la aina ileile hujitambua yenyewe baada ya kupata intaneti. Usikubali programu za kuvunja leseni. Nyingi huomba kwanza uzime ulinzi wa kompyuta, na baada ya hapo huna tena unachokilinda.

Fungua akaunti mbili: moja ya msimamizi, yenye nywila unayoijua wewe peke yako, na nyingine ya kawaida kwa matumizi ya kila siku na kwa watoto. Windows 11 ya sasa inaweza kuifungia diski yenyewe kwa msimbo, hasa ukitumia akaunti ya Microsoft. Ingia kwenye akaunti hiyo, tafuta ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, uuandike kwenye karatasi na uuweke pamoja na vyeti vya nyumbani. Wanaotumia bando la simu waiambie Windows, katika mipangilio ya mtandao, kwamba intaneti yao hulipiwa kwa kipimo. Itaacha kupakua vitu vikubwa bila ruhusa. Usizime masasisho moja kwa moja: ya usalama hutoka kila Jumanne ya pili ya mwezi, na unaweza kuyapakua ukiwa na bando la usiku.

Hatua ya tano: utunzaji

Kompyuta ikiwa bado na diski ya kuzunguka, ibadilishe kwa SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kabla ya kulalamika kwamba ni nzito. Diski ya kuzunguka husoma takriban MB 150 kwa sekunde, na SSD ya kawaida ya SATA hufikia MB 500. Ni mabadiliko ambayo hata mtoto atayaona.

Kila baada ya miezi mitatu zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha toa kasha nje na ulifungue. Tumia brashi laini ya rangi ambayo haijapata kutumika, pamoja na kipuliza hewa. Shika panga la feni kwa kidole unapopuliza, lisizunguke kwa kasi isiyo yake.

Faili ziwe na nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba. Picha za arusi na vyeti vya shule vilivyochanganuliwa havirudi kwa kununua diski mpya.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Kompyuta yangu inawaka, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi na inatoa mlio unaojirudia.

Jibu: Marahaba. Mlio unaojirudia bila picha mara nyingi ni malalamiko ya RAM, na kwa mtu wa pwani mimi huanza hapo. Chomoa waya wa umeme, toa RAM, na usugue taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu, pande zote mbili, kwa ufutio mweupe wa penseli. Futa chembe kwa kitambaa kikavu, kisha irudishe uibonyeze mpaka vishikizo vifunge kwa mlio. Zikiwa mbili, jaribu moja moja katika kila tundu, utajua mbovu ni ipi.

Mwanachama wa Mombasa: Habari ndugu mwalimu. Kila nikizima swichi ya ukutani usiku, asubuhi tarehe inarudi miaka mingi nyuma na tovuti za benki zinakataa kufunguka.

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye mazabodi, aina ya CR2032 ya volti 3. Ndiyo inayoendesha saa wakati umeme umezimwa. Tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inadhani tarehe ya kuanza haijafika. Nunua nyingine, iweke upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kisha rekebisha tarehe.

Mwanachama wa Mwanza: Nilichapisha kazi stationery, nikarudi nyumbani nikakuta folda zote za flashi zimegeuka njia za mkato.

Jibu: Usibofye hata moja. Faili zako bado zipo, virusi wamezificha tu. Kwanza ichunguze flashi kwa Defender, ambayo ipo ndani ya Windows na haihitaji antivirusi nyingine pembeni yake. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) na, kama flashi imepewa herufi E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubonyeze Enter. Folda zako zitaonekana tena, na zile njia za mkato uzifute. Siku nyingine itume kazi kwa barua pepe, au tumia flashi isiyo na kitu kingine.

Mwanachama wa Songea: Mwanangu, mimi ni mama yenu. Huku kijijini natumia sola na inveta. UPS niliyonunua inalia kila wakati na kuhamia kwenye betri yake, hali umeme upo.

Jibu: Shikamoo mama. Huenda UPS yako ni nzima. Inveta za bei ndogo hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi, ambao UPS nyingi hazitambui kuwa umeme sahihi, kwa hiyo hujitenga nao. Tazama kibandiko cha inveta yako kama kimeandika kwamba inatoa mawimbi laini. Kama sivyo, hilo ndilo tatizo. Ikiwa benki ya betri za sola inatosha, inveta ya mawimbi laini ya wati 500 itaibeba kompyuta na skrini bila UPS yoyote. Kabla ya kuinunua, mwombe muuzaji akuwashie kompyuta juu yake palepale dukani.