Jaketi la mlimani kwa bei ya mtumba

Mimi ni mpagazi wa Kilimanjaro, na majaketi yangu yote nimeyanunua mtumba pale soko la Memorial, Moshi. Wahi asubuhi, marobota yakifunguliwa.

Anza na zipu. Ipandishe mpaka kidevuni, ishushe, rudia mara tatu. Ikikwama hapo sokoni, kule kambi ya Kibo, mita 4,720, vidole vimekufa ganzi, ndiyo haitafunga kabisa. Kisha geuza jaketi nje ndani utazame utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukiwa umebanduka, maji yatapita hapo hapo, hata muuzaji aape vipi. Mimi hudondoshea maji kidogo begani (wengine hununa, waache wanune). Tone likiviringika na kuteleza, sawa. Likinywewa, shusha bei.

La manyoya ya bata lifumbate kiganjani, uliachie: lijae lenyewe. Ukipapasa mabonge, lirudishe. Na hilo ni la usiku wa baridi kavu, maana likilowa joto limekwisha.

Chukua kubwa kidogo, sweta ipate nafasi. Fulana ya pamba iache nyumbani. Inashika jasho, ukisimama tu unatetemeka.