Jinsi ya Kuifuatilia Melanoma kutoka Unyayoni hadi Kinenani

Kwa watu wenye ngozi nyeusi, melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) mara nyingi haianzii usoni wala mabegani panapochomwa na jua, bali kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, na kwa kuwa nyayo husuguliwa kwa jiwe pasipo kutazamwa, ugonjwa hukawia kugunduliwa. Bob Marley aligundulika kuwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36, baada ya saratani kufika kwenye ubongo.

Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi hukaa chini kabisa ya tabaka la juu, ambalo halina mishipa yoyote. Maadamu seli za saratani zimebaki humo, hazina pa kupitia. Zikichimba hadi tabaka la pili hukutana na mishipa midogo ya damu na ya limfu (majimaji yanayokusanywa kutoka kwenye nyama za mwili), na hii ya limfu, kwa kuwa kuta zake ni nyembamba na zina mianya, ni rahisi zaidi kupenyeka. Ndiyo maana mara nyingi tezi za limfu, zinazochuja majimaji hayo, huwa kituo cha kwanza. Kwa hiyo cha kuogopwa ni kina kuliko upana, na tangu daktari Alexander Breslow alipoeleza kipimo chake mwaka 1970, kina hicho hupimwa kwa milimita chini ya hadubini.

Ukaguzi ufanyike mchana, miguu ikiwa safi, kwa kioo au kwa msaada wa mtu wa nyumbani. Tazama unyayo wote, kisigino na katikati ya vidole, ukitafuta doa lenye kingo zisizo sawa au rangi zilizochanganyika, kidonda kisichopona, au kitu kinachofanana na sugu lakini kinavuja damu. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa wengi wetu na haina madhara; wa kutiliwa shaka ni ule wa ukucha mmoja unaozidi kupanuka, au ambao weusi wake umemwagikia kwenye ngozi ya shina la ukucha.

Ukishaona doa la shaka, usiishie hapo. Pandisha vidole taratibu kwenye muundi, nyuma ya goti na paja la ndani, ukitafuta vinundu chini ya ngozi, kwani seli huweza kukwama njiani na kuota kabla ya kufika kwenye tezi. Kisha lala chali, kunja goti kidogo, na upapase kinena kwa ncha za vidole. Tezi ndogo, laini na zinazoteleza hupatikana hata kwa watu wazima wasio na ugonjwa. Mtoki wa kidonda huuma, na kwa kawaida hunywea kidonda kikipona. Ule wa saratani aghalabu hauumi, ni mgumu na unaendelea kukua. Kwa doa la kiganjani, papasa kiwiko na kwapa.

Kinena kisicho na uvimbe hakithibitishi kwamba tezi ni salama, kwa sababu seli chache hazipapasiki. Ndiyo maana doa likizidi kina cha milimita 1, madaktari wenye vifaa huchoma sindano ya rangi au dawa yenye mionzi kando yake, kisha hutoa tezi ya kwanza inayoipokea ili ipimwe, mbinu iliyoelezwa na daktari mpasuaji Donald Morton na wenzake mwaka 1992. Usikubali doa likatwe au lichomwe mitaani: ukipoteza nyama hiyo umepoteza na kipimo cha kina.

Njia mbili za kusambaa, ya limfu na ya damu, hukutana, kwani limfu hurejea kwenye damu kupitia mishipa mikubwa chini ya shingo, ikaenda moyoni na kisha mapafuni. Kwa aliyewahi kuwa na melanoma, kikohozi kisichokoma, maumivu mapya ya kichwa, degedege au udhaifu wa upande mmoja wa mwili ni sababu ya kurudi hospitali bila kungoja miadi. (Melanoma ya ndani ya jicho hutofautiana: humo hamna mishipa ya limfu, hivyo husafiri kwa damu, na hupendelea ini.)

Doa likishaondolewa, omba nakala ya majibu ya maabara yanayotaja kina kwa milimita na hali ya kingo (kama kingo za nyama iliyokatwa zina seli za saratani), uende nayo kila kliniki.