Kusasisha huduma za wingu bila kukata huduma: anza na njia ya kurudi

Huduma ya wingu haikai kama ulivyoiacha. Mtoa huduma hupandisha matoleo, hufuta API za zamani (milango ambayo programu hutumia kuzungumza na huduma), hubadilisha vyeti, na karibu kila ulichokodi kina tarehe yake ya mwisho hata kama hukuwahi kuisoma. Tarehe hiyo ikikupita, ama utasasishwa kwa lazima siku usiyoichagua, ama utalipishwa zaidi kwa kung'ang'ania cha zamani. Kwenye Amazon EKS, huduma ya Amazon ya kuendesha Kubernetes (mfumo wa kusimamia kontena), toleo la Kubernetes hupewa miezi 14 ya msaada wa kawaida kwa dola 0.10 kwa saa kwa kila klasta (kundi la seva, yaani nodi, zinazofanya kazi pamoja). Likimaliza miezi hiyo linaingia msaada wa nyongeza wa miezi 12 kwa dola 0.60 kwa saa. Klasta moja iliyosahaulika inapanda kutoka dola 73 hivi kwa mwezi hadi dola 438, bila kuongezewa hata nodi moja.

Kwa hiyo sasisha mapema, lakini kabla ya kila hatua jiulize: hili likiharibika, narudije? Yapo mabadiliko yanayorudi kwa amri moja, kama imeji ya kontena (kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji). Yapo yanayorudi kwa jasho, kama muundo wa majedwali. Na yapo yasiyorudi kabisa, kama toleo kuu la hifadhidata. Usiyachanganye makundi haya katika sasisho moja. Msimbo mpya, safu mpya za jedwali na toleo jipya la hifadhidata ya PostgreSQL vikipandishwa usiku mmoja, kosa dogo la msimbo haliwezi tena kurudishwa peke yake, na hakuna atakayejua kipi kimevuruga kipi.

Orodha kwanza

Andika kila huduma unayoitegemea, toleo lake, tarehe ya mwisho ya msaada, mtu anayeisimamia na njia ya kurudi. Jedwali la kawaida linatosha. Watu wengi hukumbuka seva na hifadhidata, kisha wanasahau vitu viwili vinavyoumiza zaidi: mazingira ya kuendeshea msimbo, na vyeti vinavyothibitisha utambulisho wa seva.

Mazingira ya kuendeshea msimbo hufa polepole. Python 3.8 kwenye AWS Lambda, huduma ya Amazon ya kuendesha msimbo bila kusimamia seva, ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2024. Kazi (functions) zilizokuwepo ziliendelea kukimbia, na hapo ndipo hatari ilipo: kinachokimbia hakimshtui mtu. Lakini viraka vya usalama husimama, na baadaye hata kubadilisha msimbo wa kazi hiyo huzuiwa. Utakuja kugundua siku unayotaka kurekebisha hitilafu ya dharura.

Vyeti navyo huvunja mara moja. Cheti cha mzizi cha Amazon RDS (huduma ya hifadhidata ya Amazon) kiitwacho rds-ca-2019 kiliisha Agosti 2024. Programu iliyokuwa ikihakiki cheti cha seva bila kuwa na vyeti vipya ilikuwa haiwezi tena kuunganishwa na hifadhidata. Mpangilio sahihi katika kazi ya namna hii ni kuweka kwanza faili la vyeti vipya upande wa programu zote, kuhakikisha zote zimewashwa upya, ndipo ubadilishe cheti cha seva. Ukianza na seva, umejikatia mwenyewe. Kumbuka pia kwamba Let's Encrypt, taasisi ya kutoa vyeti bure ambayo vyeti vyake vya kawaida hudumu siku 90, iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha tarehe 4 Juni 2025. Weka ufuatiliaji wako unaopiga kengele siku 20 kabla.

Mabadiliko ya miundombinu yapitie msimbo

Ukitumia Terraform, zana ya kuandika miundombinu kama msimbo, usiruhusu `apply` (utekelezaji) ambayo mpango wake haujasomwa na mtu:

```
terraform plan -out=mpango.tfplan
terraform apply mpango.tfplan
```

Kuhifadhi mpango kwenye faili kunahakikisha kinachotekelezwa ndicho kilichosomwa. Tafuta alama ya `-/+` na maneno `forces replacement`. Maana yake ni kwamba kitu kitabomolewa na kujengwa upya. Kwa seva isiyoweka data si kitu. Kwa hifadhidata ni msiba. Weka `prevent_destroy = true` kwenye kila kitu chenye data, na uingize faili la `.terraform.lock.hcl` kwenye Git ili kila mtu atumie matoleo yaleyale ya viendelezi vya watoa huduma (providers). Mtu akibadilisha kitu kwa mkono kwenye dashibodi, `terraform plan -refresh-only` itaonyesha tofauti kabla haijafutwa na `apply` inayofuata.

Kubernetes

Kubernetes hutoa matoleo madogo matatu kwa mwaka, na mradi wenyewe huyahudumia matatu ya karibuni tu. Ukikaa mwaka mzima bila kupandisha, uko ukingoni.

Kinachovunja klasta wakati wa kupandisha mara nyingi ni API zilizofutwa. Toleo 1.22 liliondoa muundo wa `v1beta1` wa Ingress (kanuni za kuingiza maombi ya nje), 1.25 likaondoa `batch/v1beta1` ya CronJob (kazi za kupangwa) pamoja na PodSecurityPolicy nzima (sheria za usalama za podi, yaani vifungu vya kontena vinavyoendeshwa pamoja). Kagua ni API zipi za zamani bado zinaitwa:

```
kubectl get --raw /metrics | grep apiserver_requested_deprecated_apis
```

Hapa kuna mtego wa Helm, zana ya kusakinisha programu kwenye Kubernetes kwa vifurushi viitwavyo chati. Helm huhifadhi ndani ya klasta nakala ya maelezo ya mara ya mwisho. Nakala hiyo ikiwa na API iliyokwisha kufutwa, `helm upgrade` itagoma hata kama chati yako mpya ni safi. Rekebisha kabla ya kupandisha klasta. Kiendelezi cha `mapkubeapis` hufanya kazi hiyo.

Panda toleo moja dogo kwa wakati mmoja: kwanza mfumo unaoongoza klasta, kisha nodi. Kubelet (programu inayosimamia nodi) haitakiwi kuwa mpya kuliko seva ya API, lakini tangu 1.28 inaruhusiwa kuwa nyuma kwa matoleo matatu. Nafasi hiyo ni ya kukupa muda wa kubadilisha nodi kwa utulivu, usiifanye makazi.

Wakati wa kuhamisha podi kutoka nodi moja kwenda nyingine, mambo mawili hukwamisha. La kwanza ni PodDisruptionBudget (kanuni ya idadi ya podi zinazopaswa kubaki hai) yenye `minAvailable: 1` juu ya huduma yenye podi moja: `kubectl drain` itasubiri bila mwisho, kwa sababu haiwezi kuiondoa podi hiyo bila kuvunja sharti. Ongeza podi ziwe mbili. La pili ni podi inayozimwa huku bado inapokea maombi. Kubernetes hutuma SIGTERM (ishara ya kuiomba programu ijizime) wakati uleule inapoanza kuiondoa podi kwenye orodha ya wanaopokea, na habari hiyo huchukua sekunde kadhaa kufika kote. Programu ikijizima papo hapo, watumiaji wanaona makosa ya 502. Weka `preStop` (hatua inayotangulia kuzimwa) ya kulala sekunde 10, kisha programu imalizie maombi iliyonayo. Kumbuka sekunde hizo 10 zinahesabiwa ndani ya muda wa kuzima, ambao bila kubadilishwa ni sekunde 30; programu inayohitaji 25 kumalizia itauawa kwa SIGKILL kabla haijamaliza.

Na usitumie lebo ya `latest` kwenye imeji. `kubectl rollout undo` hurudisha maelezo ya nyuma, na kama maelezo yote mawili yanasema `latest`, hujarudi popote.

Hifadhidata: hapa tumia muda wako mwingi

PostgreSQL hutoa toleo kuu kila mwaka na kulihudumia miaka mitano. Matoleo madogo hutoka kila robo mwaka. Hayo yachukue upesi, yanahitaji tu kuwashwa upya. Toleo kuu ni safari ya kwenda bila kurudi: baada ya kupandisha hakuna amri ya kushusha.

Rejesha picha ya hifadhidata (snapshot, nakala yake ya wakati mmoja) kwenye seva nyingine, ipandishe hiyo kwanza, upime muda. Picha iliyorejeshwa kwenye RDS huvuta data yake taratibu inapoguswa, kwa hiyo usomaji wa kwanza huwa mzito. Usiuchukue huo kuwa kipimo cha toleo jipya. Kagua mambo matatu yanayosimamisha zoezi katikati: miamala iliyoandaliwa bila kukamilishwa (`pg_prepared_xacts`), sloti za urudufishaji (`pg_replication_slots`), na viendelezi visivyo na toleo linalokubaliana na PostgreSQL mpya.

Siku yenyewe: simamisha uandishi, chukua picha, pandisha. Kisha, kabla ya kumruhusu mtumiaji yeyote, endesha:

```
vacuumdb --all --analyze-in-stages
```

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Hadi toleo la 17, kupandisha kwa `pg_upgrade` hakuhamishi takwimu ambazo mpangaji wa hoja (sehemu inayoamua njia ya kusoma data) hutegemea. Bila takwimu anakisia, anaacha faharasa nzuri na kusoma jedwali zima, CPU inafika asilimia 100, na timu inalaumu toleo jipya lisilo na kosa. Toleo la 18 linahamisha sehemu kubwa ya takwimu hizo, lakini kukagua hakugharimu kitu. Malizia na `ALTER EXTENSION ... UPDATE` kwa viendelezi.

Sasa njia ya kurudi. Picha hurejeshwa kwenye seva mpya yenye anwani mpya, na chochote kilichoandikwa baada ya picha hakimo. Maana yake mlango wa kurudi uko wazi mpaka pale unaporuhusu uandishi. Jaribu usomaji wote muhimu kabla ya dakika hiyo, na aliyepewa uamuzi atamke wazi: tunaendelea, au tunarudi.

Kama hamwezi kuvumilia dakika hizo za kusimama, tumieni mazingira mawili sambamba kwa urudufishaji wa kimantiki (logical replication, kunakili kila badiliko la data kwenda upande wa pili): la zamani linahudumia, jipya linafuata, kisha mnabadilishana. Angalieni yafuatayo. Mabadiliko ya muundo hayarudufishwi, kwa hiyo zuieni `ALTER TABLE` zote kipindi hicho. Jedwali lisilo na ufunguo wa msingi halitakubali `UPDATE` wala `DELETE` mpaka lipewe `REPLICA IDENTITY` (namna ya kutambua kila rekodi). Namba za mfuatano nazo hazihami zenyewe mkifanya kwa mkono. Zisogezeni mbele kwa `setval`, la sivyo ingizo la kwanza litagongana na namba iliyokwisha kutumika. Baada ya kubadilishana, funga na ufungue upya miunganisho ya programu, maana iliyofunguliwa mapema inaendelea kushikilia seva ya zamani hata DNS (daftari la majina na anwani za seva) ikiwa imebadilika.

Muundo wa majedwali

Kanuni ni kwamba toleo la zamani na jipya la msimbo lazima yaweze kuishi pamoja juu ya muundo mmoja. Kubadilisha jina la safu, basi, hakufanywi kwa `RENAME` moja. Ongeza safu mpya, toa msimbo unaoandika zote mbili, jaza rekodi za zamani kwa mafungu ya elfu chache, hamisha usomaji, na baada ya wiki ya utulivu, futa ya zamani. Kila hatua isipokuwa ya mwisho inarudi.

Tangulia na `SET lock_timeout = '3s'` kabla ya `ALTER TABLE` yoyote. Bila hiyo, amri yako inaweza kupanga foleni nyuma ya hoja ndefu, na hoja nyingine zote zikapanga foleni nyuma yako. Mfumo unasimama ingawa hujabadilisha kitu. Afadhali ishindwe, ujaribu tena. Faharasa jenga kwa `CREATE INDEX CONCURRENTLY`, nje ya muamala. Ikikatika katikati huacha faharasa batili inayopunguza kasi ya uandishi bila kusaidia usomaji, kwa hiyo ifute kabla ya kurudia.

Kuachia watumiaji

Elekeza asilimia 5 ya maombi kwenye toleo jipya, kisha 25, kisha yote. Linganisha kiwango cha makosa na muda wa majibu wa asilimia 99 (ule ambao maombi 99 kati ya 100 hujibiwa ndani yake) baina ya matoleo mawili katika dakika zilezile, si na jana. Subiri kazi za kupangwa zikimbie walau mara moja, kwani makosa mengi hujificha humo. Ukibadilisha anwani ya DNS, shusha TTL (muda ambao anwani hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya) hadi sekunde 60 mapema, na usubiri TTL ya zamani iishe kabla ya kugusa anwani.

Mazingira ya zamani yaache siku saba, kisha yafute pamoja na picha zake za muda, kwa sababu vyote viwili vinaendelea kuingia kwenye bili. Siku hiyohiyo rekebisha jedwali la orodha: toleo jipya, na tarehe yake ya mwisho.