Uzamivu wa Teknolojia ya Elimu Kenya: Ya Kutimiza, na Wengi Wanapokwama

Sharti la kuingia ni shahada ya umahiri katika elimu au fani ya karibu, kutoka chuo kinachotambuliwa. Idara nyingi huomba pia andiko fupi la wazo la utafiti. Kabla ya kulituma, hakikisha idara ina wahadhiri wanaoshughulikia mada yako, kwa maana utahitaji wasimamizi wawili.

Pendekezo la utafiti huwa na sura tatu: utangulizi, mapitio ya maandishi na mbinu. Sura ya tatu ndiyo huangusha wengi. Mtafiti huchukua jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, linaloonyesha ukubwa wa sampuli kwa kila idadi ya watu, aone kwamba wanafunzi 1,000 wanahitaji sampuli ya 278, kisha alitumie katika jaribio la programu ya kufundishia. Jedwali hilo ni la uchunguzi wa hojaji. Shuleni utapewa madarasa yalivyo, hutaweza kuwagawa wanafunzi kwa kura. Ukiwa na darasa moja la majaribio na moja la kulinganisha, kila moja na mwalimu wake, huwezi kujua kama alama zimepandishwa na programu au na mwalimu. Tafuta shule kadhaa kwa kila upande, uwape wote mtihani wa awali. Usiweke makundi yote mawili katika shule moja ya bweni. Yaliyofundishwa mchana yatajadiliwa usiku.

Linganisha muda pia. Kundi la kompyuta likipata vipindi viwili vya ziada kwa wiki, umepima vipindi, hukupima teknolojia. Na programu ihifadhi kumbukumbu za matumizi: nani aliingia, kwa dakika ngapi. Bila hizo, matokeo dhaifu hayaelezeki.

Pendekezo likipita, vibali vina mpangilio wake: kamati ya maadili, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), kisha kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, mwisho mwalimu mkuu. Leseni hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo usiiombe kabla programu haijajaribiwa katika shule iliyo nje ya sampuli. Kusanya data muhula wa kwanza au wa pili. Wa tatu ni wa mitihani ya kitaifa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hutaka idhini ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto. Tumia namba za siri badala ya majina tangu siku ya kwanza.

Mwongozo wa CUE (Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu) wa 2014 unadai makala mbili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Anza ya kwanza pendekezo linapopita, ukitumia mapitio ya maandishi, kwani uhakiki huchukua miezi. Jarida linalokubali makala kwa wiki moja na kudai malipo liepuke: chuo kinaweza kuikataa makala hiyo wakati tasnifu iko tayari.

Toa taarifa ya nia ya kuwasilisha tasnifu miezi kadhaa mapema, ili watahini, akiwemo wa nje, wateuliwe. Siku ya utetezi njoo na toleo lile lile la programu walilotumia wanafunzi, linalofanya kazi bila intaneti. Masahihisho yapange katika jedwali la safu tatu: hoja ya mtahini, ulichobadilisha, na ukurasa.