Somo: Kuchora giza kwa wino, kama wachoraji wa kwanza wa Dungeons & Dragons

Wengi mmeomba somo la michoro ya michezo ya uhusika ya zamani, ile ya kuchezwa mezani kwa kete na karatasi, kila mchezaji akiigiza mhusika wake. Tuanze na Dungeons & Dragons, iliyotolewa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, Wisconsin, Marekani. Mimi naipenda michoro yake ya mwanzo kuliko yote iliyofuata, kwa sababu inakuonyesha nusu tu na nusu nyingine unaijaza mwenyewe.

Andaa penseli ya HB, kifutio laini, karatasi nyeupe ngumu, kalamu mbili za wino mweusi usiochuja (nyembamba na nene) na brashi ndogo.

Hatua ya 1: Chagua wakati

Tafuta jalada la Players Handbook la 1978, kitabu cha kanuni cha wachezaji, kazi ya David Trampier. Sanamu kubwa ya shetani mwenye pembe imeketi, na juu yake wezi wawili wanabandua kito cha jichoni. Huku chini vita vimekwisha. Kuna anayefuta upanga, kuna wanaoburuta mizoga ya mijusi-watu, na wengine wameinamia ramani. Hakuna anayekutazama wewe. Kila mmoja yuko kazini, nawe unabaki kujiuliza: sanamu hii ikiamka je?

Basi chora muda mfupi kabla ya hatari, au mara tu baada yake. Anayetaka pigano lenyewe atazame ndani ya kitabu hicho hicho mchoro wa David Sutherland, A Paladin in Hell: askari mmoja mcha Mungu, peke yake kuzimu, amezungukwa na mashetani. Unasimama kwa sababu huoni njia ya yeye kutoka.

Hatua ya 2: Wape watu mizigo

Kamba, mienge, magunia, na ule mti mrefu wa futi 10 wa kupapasia mitego sakafuni. Mtu mwenye mzigo anaonekana ametoka mahali na ana nia ya kurudi.

Hatua ya 3: Taa moja tu

Mwenge mmoja, mkononi mwa mtu mmoja. Weka alama ndogo ya penseli pale moto ulipo, kisha vuta mistari hafifu kutoka hapo kwenda kila upande. Hiyo ndiyo itakayoamua kivuli cha kila kitu.

Hatua ya 4: Wino

Hapa usiwe na haraka. Uchapaji wa kawaida wa vitabu vile ulikuwa wa wino mweusi peke yake, na mstari wa kalamu ndio uliotoka safi na kwa bei nafuu. Kwa hiyo kijivu kilitengenezwa kwa mistari: sambamba kwa kivuli chepesi, inayokatana kwa kivuli kizito, nukta kwa ngozi na mawe yaliyolika.

Chukua ukuta wa mawe. Jiwe lililo karibu na mwenge liache jeupe kabisa, mpaka wake wa chini tu uguse kwa kalamu nyembamba. La pili lipe mistari michache upande ulio mbali na moto. La tatu kata mistari juu ya mistari. Kuanzia la nne acha kuchora mawe: chukua brashi ujaze weusi mtupu. Macho ya mtazamaji yataendelea kuona mawe ndani ya weusi ule ingawa hujachora hata moja. Geuza karatasi badala ya kupinda kiganja, mistari itanyooka.

Trampier alikuwa bingwa wa hili. Tazama viumbe vyake katika Monster Manual ya 1977, kitabu cha viumbe wa mchezo huo: mipaka minene, weusi uliokolea, kisha weupe mkali pale tu unapohitajika.

Hatua ya 5: Futa penseli

Wino ukauke kabisa kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, baadhi ya picha za 1974 mbona zinaonekana za mwanafunzi?*

Ni kweli, ndugu yangu. Mmoja wa wachoraji, Greg Bell, alikuwa kijana mdogo, na baadhi ya mikao aliinakili kutoka katuni za Marvel. Kunakili usifanye. Ila tazama ari iliyomo: ni watu waliotaka kuona kitu ambacho hakijachorwa bado.

*Hizi picha zilikuwa mapambo tu au zilitumika mchezoni?*

Zilitumika hasa. Tomb of Horrors ya 1978, mkasa wa kuchezwa uliokwisha kuandikwa, ilikuja na kijitabu cha michoro. Wachezaji wakifika chumba fulani, msimamizi wa mchezo anawainulia picha yake, nao wanatafuta mtego humo. Mchoro ukikosea, watu wanakufa mchezoni!

*Kwa nini huzungumzii za rangi? Joka jekundu la 1983 ni zuri sana.*

Lile la Larry Elmore, kwenye jalada la seti ya msingi ya mchezo? Zuri mno, dada, na mkono wake sina shaka nao. Lakini lile linakuonyesha kila gamba. Ukitaka rangi yenye ndoto ndani yake, tazama jalada la seti hiyo ya 1981, kazi ya Erol Otus, kijani na zambarau.

*Naweza kuchora majini yetu ya pwani kwa mtindo huu?*

Chora, tafadhali. Jalada la Dungeon Masters Guide la 1979, kitabu cha msimamizi wa mchezo, lina afriti mwekundu, kazi ya Sutherland. Wao walichota kwenye masimulizi ya Waarabu, na wewe una bibi anayesimulia.

*Trampier bado anachora?*

Alifariki 2014. Aliacha kuchora mwaka 1988, katuni yake Wormy ikakatika hadithi haijaisha. Baadaye alikuwa dereva wa teksi Carbondale, Illinois.

*Wino wangu unasambaa kwenye karatasi. Nifanyeje?*

Karatasi ya fotokopi inafyonza sana. Tumia manila, upande ulio laini, na ujaribu kalamu pembeni kwanza. Ukimaliza ukuta wa mawe, uweke hapa tuutazame pamoja.