Jinsi ya Kulipima Pambano la Ubingwa Lililoleta Matokeo Yasiyotarajiwa

Kabla hujaungana na wanaolalamika kwamba bingwa ameibiwa, litazame pambano la ndondi upya ukiwa umezima sauti, kwa maana kelele za watangazaji huyapa uzito makonde yaliyoishia kwenye glavu. Andika pointi mara tu kila raundi inapokwisha: mshindi hupewa 10 na mwenzake 9, au 8 iwapo ameangushwa.

Chukua mfano wa Novemba 2021 jijini New York, ambapo Teofimo Lopez, bingwa wa uzito mwepesi usiozidi kilo 61.2, aliangushwa na George Kambosos katika raundi ya kwanza, kisha Lopez akamwangusha Kambosos katika raundi ya 10. Hata hivyo majaji wawili walimpa Kambosos ushindi wa 115-111 na 115-112, huku wa tatu akimpa Lopez 114-113. Wengi huikumbuka raundi ya 10 na kuzisahau zilizotangulia, kosa ambalo hata mimi nimewahi kulifanya.

Hatimaye linganisha karatasi yako na za majaji. Zile raundi mlizotofautiana zirudie polepole, ukikitazama kichwa cha anayeshambuliwa: kikirushwa nyuma, konde limefika.